Barua ya wazi: Makundi mabaya hayako vijiweni tu, mengine tunayapanga wenyewe darasani

KWA: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Kamishna wa Elimu, na Maafisa Elimu Sekondari wa halmashauri zote.

YAH: MIKONDO YA KIDATO CHA KWANZA NA WATOTO WATAKAORIPOTI JANUARI 2028

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Katika mahafali ya Kidato cha Nne, mgeni rasmi akishasomewa risala na akishaahidi mabati au kompyuta, huwageukia vijana na kuwaambia wajiepushe na makundi mabaya. Wazazi hupiga makofi, nasi walimu tunaitikia kwa vichwa, maana ni ushauri mzuri. Makundi anayoyasema ni ya nje ya geti: wavuta bangi, wanaowasubiri mabinti njiani, wanaowaita wavulana kwenye kamari za mechi. Kuna kundi jingine ambalo sijawahi kusikia mgeni rasmi akilitaja, nalo linakaa na mtoto asubuhi hadi alasiri kwa miaka minne. Ni kundi tulilompangia sisi siku aliporipoti: mkondo wake (A, B, C au D), dawati lake, wenzake watakaomcheka akikosea au watakaomsubiri amalize sentensi. Kwa macho yangu ya darasani, hilo ndilo linaloamua kama mtoto atajiamini au atafunga mdomo mpaka mtihani wa taifa.

Ninafundisha Baiolojia katika shule ya sekondari ya kata, ya kutwa, na ni mwalimu wa darasa wa Kidato cha Kwanza. Ninayoyaandika ni ya shule za aina hiyo, ambazo ndizo zenye watoto wengi wa nchi hii.

Mtoto anayetufikia Januari amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Usanisinuru anaujua. Mzunguko wa maji anaueleza akiwa amefumba macho. Wengi wao walikuwa viranja, walisimama mstarini kusoma taarifa ya habari, waliimba ngonjera mbele ya mkuu wa wilaya. Sasa anaingia darasa jipya, mambo yale yale anaulizwa kwa Kiingereza, na anaambiwa asimame asome sentensi moja ubaoni. Neno la tatu linamkwamisha. Wa dawati la mbele, aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, analitamka kwa niaba yake, kwa sauti. Darasa linacheka.

Kicheko chenyewe hakizidi sekunde chache, na watoto hawana nia mbaya. Lakini nilimwona msichana, dada mkuu wa zamani wa shule yake ya msingi, akikaa chini baada ya kicheko cha namna hiyo. Alivuta kola ya sweta ikafunika mdomo, akatazama dawati, na mkono wake sikuuona tena juu mpaka likizo ya Juni. Madaftari yake nilikuwa nikiyasahihisha kila wiki. Majibu yalikuwa sahihi. Akili yake ilikuwa pale pale, uthubutu ndio ulikuwa umekwenda.

Yanayofuata baada ya hapo ndiyo ninayotaka myaone, kwa sababu hayaonekani kwenye taarifa zozote tunazowaletea. Walionyamaza hutafutana. Taratibu wanahama kuelekea nyuma, upande wa dirishani, na kufikia Machi tayari ni kampani yenye sheria zake. Huko hakuna anayecheka kosa, maana hakuna anayejaribu. Mtoto anapumua. Ila kampani hiyo inamdai ada: anyamaze kama wenzake. Akinyoosha mkono, ana kimbelembele. Akimfuata mwalimu ofisini na swali, anajipendekeza. Akijaribu Kiingereza uwanjani, anajifanya mzungu. Wanaoyasema hayo ndio wale wale waliochekwa Januari, na sina la kuwalaumu, wanailinda sehemu pekee shuleni ambapo hawaaibishwi. Matokeo yake mtoto anabanwa pande mbili: wa mbele wanamcheka akikosea, wa nyuma wanamcheka akithubutu.

Msidhani ni udhaifu wa watoto wa shule za kata. Mwaka 1951, huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch alianza kuchapisha majaribio yake juu ya nguvu ya kundi. Aliwaketisha vijana wa chuo chumba kimoja, akawaonyesha mstari, kisha mistari mitatu mingine, waseme upi unalingana nao kwa urefu. Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Lakini wote chumbani walikuwa wamepangwa, isipokuwa mmoja, na katika raundi fulani walitoa kwa sauti jibu lile lile la uongo. Yule mmoja, akisikia wenzake wote, alifuata kosa lao karibu mara moja katika kila tatu, na robo tatu ya waliojaribiwa waliyumba angalau mara moja. Hao ni watu wazima wanaotazama mistari. Sisi tunaye mtoto wa miaka kumi na mitatu anayetazama sentensi ya lugha ngeni.

Sehemu ya majaribio hayo inayonipa moyo ni nyingine. Asch alipoweka chumbani mtu mmoja tu aliyesema ukweli kabla ya mjaribiwa, kuyumba kulipungua sana. Mwenzake mmoja alitosha. Naye Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba jambo fulani analiweza, alieleza kuwa imani hiyo hukua kwa kufanikiwa mwenyewe, na pia kwa kumwona mtu wa hali kama yako akifanikiwa. Anayemtia mtoto moyo zaidi ni yule wanayetoka naye kijiji kimoja, aliyekwama jana kama yeye, na leo amesema sentensi nzima. Mwalimu hawezi kuwa mtu huyo, hata akijitahidi vipi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye mikondo.

Katika shule nyingi, ama siku ya kwanza ama baada ya mtihani wa kwanza, watoto hupangwa kwa alama. Wa juu mkondo A, wanaofuata B, na kuendelea mpaka D au E. Hakuna mwalimu anayewaambia maana yake, na hakuna mtoto asiyeijua. Ndani ya wiki moja A ni vipanga na D ni vilaza, na majina hayo yanawafuata mpaka kisimani. Walimu wazoefu hupewa A. D hupata mwalimu wa kujitolea, au hupata yeyote aliyebaki kwenye ratiba. Nimemsikia mtoto wa D akimjibu mwalimu mgeni aliyeshangaa ukimya wa darasa: "Sisi ni D, mwalimu." Aliona amejibu swali.

Baya zaidi ni tunachokifanya mwisho wa muhula. Mtoto wa D akipanda, tunampongeza kwa kumhamishia B au A. Kwa hiyo kila muhula tunamwondoa yule mmoja ambaye wenzake wangemtazama wakasema, kama huyu ameweza, na mimi naweza. Aliyeachwa D anabaki na wenzake ambao, kwa mpangilio wetu wenyewe, hawafaulu.

Najua hoja ya wenzangu, na nina sababu ya kuiheshimu. Darasa la watoto sabini, wengine wanasoma kitabu kwa mserereko na wengine bado wanaunganisha silabi, ni mzigo mzito kwa mtu mmoja mwenye chaki. Ukiwapanga kwa alama unajua pa kuanzia. Nami ningeikubali hoja hiyo kama mikondo ya chini ingepewa walimu bora na vipindi vya ziada. Haipewi. Mpaka ipewe, kupanga kwa alama ni nafuu kwa mwalimu ambayo gharama yake inalipwa na mtoto.

Baraza la Mitihani la Tanzania lilishatuonyesha njia. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, na ikaelezwa kwamba hakuna tija katika kuwashindanisha watoto waliosoma mazingira tofauti. Uamuzi huo haujafika kwenye mbao zetu za matangazo. Huko bado tunabandika majina kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na watoto hulizunguka karatasi hilo wakisoma kuanzia chini, maana anayetafutwa ni aliyeshika mkia. Kuna shule ambako kumi wa mwisho huitwa mbele paredi nzima ikiwatazama. Walimu wanaofanya hivyo hudhani wanachochea juhudi. Nionavyo mimi, wanachokichochea ni utoro wa Jumatatu inayofuata.

Na tabia hiyo haikuanzia kwetu. Mkuu wa shule iliyofanya vibaya akikabidhiwa kinyago kwenye kikao cha tathmini, mbele ya wakuu wenzake, kamera zikimmulika, anarudi shuleni na kinyago hicho kifuani hata kama amekiacha kwenye gari. Anakigawa kwa walimu, walimu wanakigawa kwa D. Maafisa Elimu, hili nawaomba kwa heshima zote: komesheni vinyago. Mtu mzima aliyedhalilishwa mbele ya wenzake hawezi kwenda kuwajengea watoto hali ya kujiamini.

Kuna kibao pia. Shule kadhaa zina kibao cha mbao au boksi chenye kamba, anavishwa shingoni anayesikika akizungumza Kiswahili, na anakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Tafakarini kinachofundishwa hapo. Mapumziko, wakati pekee ambao watoto wanaongea kwa uhuru na kufanya urafiki, yanageuka muda wa rafiki kumwinda rafiki. Aliyevaa kibao hasogelewi na mtu. Kiingereza hakiongezeki, kinachoongezeka ni kimya.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na una umri, Tume ya Makweta ilishautolea mapendekezo mwaka 1982, na siuingii katika barua hii. Ninachoomba kinawezekana ndani ya sera tuliyonayo, kwa sababu nimekiona kikifanya kazi.

Darasani kwangu watoto wanakaa katika vikundi vya watano au sita, vilivyochanganywa: aliyetoka mchepuo wa Kiingereza, wawili wa katikati, wawili waliokuwa wakielekea dirishani. Swali likitoka, wanapewa dakika kumi za kubishana kwa Kiswahili. Kisha wanatafuta Kiingereza chake pamoja, na kamusi mezani. Anayesimama kujibu haanzi kwa "mimi naona", anaanza kwa "kundi letu limeona". Na msemaji hubadilika kila kipindi, bila kuruka mtu.

Tulipofika mada ya huduma ya kwanza, niliuliza mtu aliyeungua moto afanyiwe nini. Kundi moja lilibishana hadi madawati yakasogea. Mmoja alisema kwao hupaka dawa ya meno, wa pili asali, wa tatu alikuwa na kovu mkononi na akalitoa kama ushahidi kwamba dawa ya meno ilimharibia. Zamu ya kusema ilimwangukia mvulana ambaye tangu Januari nilikuwa sijaisikia sauti yake. Alisimama, akashika ukingo wa dawati, akaanza kwa Kiingereza cha kuokoteza: kundi letu limeona maji safi, ya baridi, yanayotiririka. Alipokwama, msichana aliyekaa pembeni yake alimnong'oneza neno, akalichukua akaendelea. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kumcheka yeye ilikuwa ni kulicheka kundi, na kila kundi linajua zamu yake inakuja. Wiki zilivyosogea alianza kunyoosha mkono bila zamu.

Isiwe mkadhani vikundi ni dawa inayotibu yenyewe. Visiposimamiwa, kipanga mmoja anaandika kila kitu na waliobaki wananakili, tena unyonge unaongezeka. Vinahitaji mwalimu azunguke, abadilishe wasemaji, avunje kundi lililogeuka kijiwe. Na vinakula muda. Mthibiti ubora akija, swali lake la kwanza ni mada ya ngapi nimefika. Sijawahi kuulizwa ni watoto wangapi wamesema darasani wiki hii. Ningefurahi sana kuulizwa.

Wasichana wanatufundisha jambo hapa. Mmoja wao akichafuka ghafla kwa hedhi, nimeona wenzake watatu wakisimama bila kuambiwa, mmoja anamfunga sweta kiunoni, wawili wanamtangulia na kumfuata mpaka kwa matroni. Kesho yake anarudi darasani kichwa juu. Katika mkondo ambao wavulana wameachwa wacheke, msichana wa aina hiyo hukosa siku kadhaa kila mwezi. Geti lile lile na choo kile kile, tofauti ni wenzake. Ndivyo ilivyo pia kwa mabinti waliorudi baada ya kujifungua. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliwafungulia geti, na nawashukuru kwa hilo. Kama binti atamaliza muhula au ataishia Machi, hilo linaamuliwa na wale anaokaa nao dawati moja, na kama kuna mwalimu aliyewaandaa kumpokea.

Sasa Januari 2028. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Darasa la Kwanza na la Tatu, na elimu ya msingi ikawa miaka sita. Wale waliokuwa Darasa la Tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, na wale waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huo huo. Wote wanakuja Kidato cha Kwanza pamoja. Mazungumzo mengi juu ya mwaka huo yamekuwa ya madarasa, madawati na matundu ya vyoo, na ni haki yake. Lakini watoto hao watafika wakiwa makundi mawili tayari: waliosoma mwaka mmoja zaidi na waliosoma mwaka mmoja pungufu, wakubwa na wadogo, mtaala wa zamani na mpya. Wanafunzi hawatakosa jina la kuwaita wale wa la sita. Na shule iliyoelemewa itaona njia rahisi ni kuwatenga, wa sita mikondo yao, wa saba yao. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeigawa nchi ya watoto wa rika moja kwa miaka minne, kwa kosa la kuwa shuleni mwaka wa mabadiliko.

Kwa hiyo naomba waraka. Waraka unaosema Kidato cha Kwanza kisipangwe mikondo kwa alama, wala kwa la sita na la saba, bali watoto wachanganywe, na wakishakaa wasihamishwe kwa sababu ya kufaulu. Waraka huo huo uvipige marufuku vibao vya shingoni, kuita wa mwisho mbele ya paredi na kubandika majina kwa mpangilio wa nafasi, kila mtoto apewe taarifa yake na mzazi wake aione. Uandike wazi kuwa mwalimu anaruhusiwa kuwaacha watoto wajadili kwa Kiswahili kabla ya kujibu kwa Kiingereza, ili mwenzangu anayefanya hivyo leo kwa kujificha asiogope mlango ukifunguliwa.

Na kuhusu unasihi, yaani ushauri kwa wanafunzi: mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 kwa dola milioni 500, uliwekewa sehemu ya shule salama, na walimu wamepata mafunzo. Shida ni ratiba. Mwalimu wa unasihi ana vipindi kama wengine, na mtoto anayetaka kumwona anamkuta yuko darasani. Unasihi uhesabiwe kuwa vipindi, uandikwe kwenye ratiba, na katika wiki zile za mwanzo za kuwazoesha Kidato cha Kwanza Kiingereza, watoto wafundishwe pia namna ya kumsikiliza mwenzao anayekosea.

Mikondo ya Januari 2028 itapangwa mwisho wa mwaka 2027 na walimu wa darasa kama mimi, mezani, majina ya waliochaguliwa yakiwa mbele yetu na matokeo ya Baraza yakiwa kwenye simu. Mwalimu aliyechoka, mwenye majina mia tatu, hukata orodha kila baada ya majina hamsini, na orodha ikiwa imepangwa kwa alama kazi imekwisha kabla ya chai. Naomba waraka utangulie kufika, na orodha ije shuleni kwa alfabeti. Ukitufikia Februari, watoto watakuwa wameshakaa na wameshapeana majina.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Baiolojia, Kidato cha Kwanza

Nakala: Wakuu wa shule za sekondari, wenyeviti wa bodi za shule, wazazi wenye watoto watakaomaliza la sita na la saba mwaka 2027.